Kulala na Kutembea Ukiwa na Osteoathritisi: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mtu ambaye goti au nyonga yake imeanza kuchakaa huingia katika mzunguko anaoujua vizuri hata kama hajawahi kumsimulia mtu. Usiku anajigeuza kitandani, maumivu yanamwamsha, anabaki macho akihesabu saa. Asubuhi anaamka na uchovu, viungo vimekakamaa, naye anaamua kukaa kitini ili goti lipumzike. Jioni inafika mwili haujafanya kazi ya kuuchosha, na usiku unaofuata usingizi unakuwa mwepesi zaidi. Baada ya miezi kadhaa msuli wa paja umenywea, goti limekosa wa kulishikilia, na mwendo uliokuwa ukivumilika sasa unauma. Mwongozo huu umeandikwa ili kuukata mzunguko huo. Msimamo wake ni kwamba usisubiri maumivu yaishe ndipo ulale na kutembea, kwa kuwa usingizi na mwendo ni sehemu ya tiba ya maumivu yenyewe, na kila kimoja humsaidia mwenzake.

Kinachotokea ndani ya kiungo

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na osteoathritisi, na goti ndilo kiungo kilichoathirika zaidi, likifuatwa na nyonga na mkono. Wengi wao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 55, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Ugonjwa huu hugusa kiungo kizima: gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua, mfupa ulio chini yake hubadilika, utando wa ndani wa kiungo huweza kuvimba, na misuli inayokizunguka hudhoofika.

Neno "kuchakaa" limewatia watu wengi hofu isiyostahili, kwa kuwa linawafanya waone goti kama tairi la gari ambalo kila kilomita huliondolea kitu. Kiungo hai hakiko hivyo. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka kwenye majimaji ya kiungo, na majimaji hayo huingia na kutoka ndani yake pale kiungo kinapobebeshwa uzito kisha kuachiliwa, kama sifongo inavyobanwa na kulegezwa. Mwendo wa kiasi ndio unaolisha gegedu, na kukaa muda mrefu bila kujongea hulinyima lishe hiyo. Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba picha ya eksirei na ukubwa wa maumivu mara nyingi havilingani: yupo mwenye picha mbaya anayetembea vizuri, na yupo mwenye picha nzuri anayeteseka. Kwa hiyo picha peke yake isikukatishe tamaa.

Sababu mojawapo ya tofauti hiyo ni usingizi. Watu wasio na ugonjwa wowote wakinyimwa usingizi katika majaribio ya kitaalamu, miili yao huhisi maumivu kwa wepesi zaidi siku inayofuata. Mfumo wa neva usiopumzika hupandisha sauti ya kila taarifa inayotoka kwenye kiungo, na hivyo goti lile lile, likiwa na gegedu lile lile, huuma zaidi baada ya usiku mbaya kuliko baada ya usiku mzuri.

Nani amwone daktari kwanza

Kabla ya kuanza, hakikisha kwamba tatizo lako ni hili kweli. Katika osteoathritisi, kukakamaa kwa asubuhi kwa kawaida huisha ndani ya dakika 30. Kukidumu kwa saa nzima au zaidi, na viungo vingi vikawa vimevimba kwa pamoja, huenda ni ugonjwa wa viungo wa aina nyingine unaohitaji dawa tofauti. Usingoje ikiwa kiungo kimekuwa chekundu, cha moto na kimevimba ghafla pamoja na homa, ikiwa huwezi kuukanyagia mguu baada ya kuanguka, ikiwa unapungua uzito bila sababu, au ikiwa maumivu ya usiku ni makali yasiyotulia kwa mkao wowote. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye maumivu ya kifua anapojitahidi, na mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara apate kwanza idhini ya daktari kuhusu kiwango cha mazoezi.

Kuhusu usingizi pia kuna mambo mawili ya kuuliza. La kwanza: je, unakoroma sana, na je, anayelala karibu nawe amewahi kuona pumzi yako ikikatika? La pili: je, jioni miguu hukusumbua kwa hamu isiyozuilika ya kuichezesha, hamu inayotulia ukisimama na kutembea? Hali hizi mbili, kukatika pumzi usingizini na miguu isiyotulia, zina matibabu yake mahususi, na hakuna mpangilio mzuri wa kulala utakaoziba pengo hilo zisipotibiwa.

Hatua ya kwanza: daftari la wiki mbili

Chukua daftari dogo na kwa wiki mbili uandike mambo machache bila kubadilisha chochote katika maisha yako. Asubuhi andika saa uliyopanda kitandani, makadirio ya muda uliochukua kusinzia, mara ulizoamka, saa uliyoamka kabisa na saa uliyotoka kitandani. Jioni andika dakika ulizotembea au kufanya kazi ya mwili, muda uliolala mchana, na kiwango cha maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutokuwa na maumivu na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuwaza. Usitazame saa usiku kucha ili upate takwimu sahihi. Makadirio ya asubuhi yanatosha, na kuichungulia saa ni miongoni mwa mambo yanayofukuza usingizi.

Mwishoni mwa wiki ya pili fanya hesabu moja. Gawanya wastani wa saa ulizolala kwa wastani wa saa ulizokaa kitandani. Aliyepanda kitandani saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi amekaa humo saa 9. Ikiwa alilala saa 6 tu, ametumia asilimia 67 ya muda wake kitandani kwa usingizi. Lengo la wataalamu wa usingizi ni kufikia asilimia 85 hivi. Ihifadhi namba hiyo, maana utaihitaji katika hatua ya tano.

Hatua ya pili: kutafuta kiwango chako cha kuanzia

Kosa ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote ni lile la siku nzuri. Mtu anaamka akiwa na nafuu, anafanya kazi zote zilizorundikana, anatembea kwa saa nzima, kisha anashindwa kuinuka kwa siku tatu. Anahitimisha kwamba mazoezi yanamdhuru, ilhali kilichomdhuru ni kuruka kwa ghafla kutoka kwenye kidogo hadi kwenye kingi.

Ili kuepuka hilo, kwa siku tatu tembea kwenye ardhi tambarare na uandike dakika zinazopita kabla maumivu hayajaanza kupanda waziwazi. Tuseme umepata dakika 12, 8 na 10. Wastani ni dakika 10. Ondoa sehemu moja ya tano, zibaki 8. Dakika hizo 8 ndizo kiwango chako cha kuanzia, na utazitembea siku nzuri na siku ya wastani vivyo hivyo, hata kama unahisi unaweza zaidi. Wiki inayofuata ongeza dakika 1, na wiki nyingine vivyo hivyo. Mwenye haraka ataona huu ni mwendo wa kinyonga, lakini ndani ya miezi mitatu dakika 8 zitakuwa zimefika karibu 20 bila kulazimika kulala siku tatu katikati.

Kazi za nyumbani nazo zifuate utaratibu huo huo. Badala ya kusimama saa 2 mfululizo, simama dakika 20, kaa 5, kisha endelea. Pumzika kwa kufuata saa, kabla maumivu hayajakulazimisha.

Hatua ya tatu: kujua maumivu yapi yanaruhusiwa

Mtu akiogopa kila mchomo hataendelea na mazoezi, na akipuuza kila mchomo atajiumiza. Wataalamu wa fizioterapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hutumia kipimo kile kile cha 0 hadi 10 kuweka mpaka: maumivu ya 0 hadi 2 wakati wa zoezi ni salama, ya 3 hadi 5 yanakubalika, na yanayozidi 5 ni ishara ya kupunguza uzito, idadi au kina cha zoezi. Kisha kuna swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu zaidi: je, kesho yake saa ile ile maumivu yamerudi pale yalipokuwa kabla ya zoezi? Yakiwa yamerudi ndani ya saa 24, kiwango kilikufaa. Yakiwa bado yako juu, au goti limevimba, punguza kiwango safari ijayo, lakini usiache.

Maumivu kidogo katika wiki za mwanzo hayana maana kwamba kiungo kinaharibika. Ni tishu zilizolegea zinazozoea kubebeshwa tena, na kwa wengi hupungua kadiri misuli inavyopata nguvu.

Hatua ya nne: kuujenga mwili mchana

Mazoezi yenyewe yana sehemu mbili, nguvu na mwendo wa kuendelea, na nitakaa zaidi kwenye nguvu kwa sababu ndiyo inayopuuzwa. Watu wengi wenye maumivu ya goti huambiwa "tembea" na kuachwa hapo, ilhali msuli wa mbele wa paja ndio unaopokea mshindo wa kila hatua, na misuli ya makalio ndiyo inayozuia nyonga isidondoke upande mmoja unaposimama kwa mguu mmoja. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, mzigo wote huangukia kiungo. Nchini Denmark, mpango wa mazoezi na elimu kwa wagonjwa uitwao GLA:D, ulioanza mwaka 2013 na kuenea katika nchi kadhaa, umejengwa juu ya wazo hili: mafunzo machache kuhusu ugonjwa, kisha vipindi 12 vya mazoezi yanayosimamiwa, kwa muda wa wiki 6 hivi.

Fanya mazoezi ya nguvu siku 2 au 3 kwa wiki, ukiacha siku ya mapumziko katikati. Anza na dakika 5 za kupasha mwili joto kwa kutembea papo hapo na kukunja na kukunjua magoti. Ikiwa kiungo ni kizito sana, kitambaa cha moto juu yake kwa dakika 15 kabla ya kuanza husaidia. Kikivimba baada ya zoezi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hutuliza.

Zoezi la kwanza ni la kukaza paja. Kaa au lala mguu ukiwa umenyooka, weka taulo lililoviringwa chini ya goti, kisha kandamiza taulo hilo kwa goti huku ukikaza paja, hesabu hadi 5, legeza, na urudie mara 10. Zoezi hili ni jepesi kiasi kwamba hata aliye katika siku mbaya anaweza kulifanya kitandani.

La pili ni kuinuka kitini, nalo, kama ungelazimika kuchagua moja tu, ndilo ningekushauri ulichague. Tumia kiti imara kilichoegemezwa ukutani, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Inama mbele kidogo, inuka bila kujisukuma kwa mikono, kisha shuka polepole kwa kuhesabu hadi 3. Magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu, yasiingie ndani. Kiti kikiwa kifupi na goti likalalamika, weka mto juu yake ili kiinuke; kadiri nguvu inavyoongezeka, ondoa mto. Anza na mara 8, pumzika dakika 1 au 2, rudia mara 8. Ukiweza kufanya mara 12 bila tabu katika vipindi viwili vinavyofuatana, ongeza ugumu kwa kushuka polepole zaidi au kushika kitu chenye uzito kifuani.

La tatu ni daraja: lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, kisha inua makalio hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, shikilia kwa hesabu ya 3 na ushuke. La nne ni kuinua mguu kando ukiwa umesimama na kushika kitu imara, bila kuinamisha kiwiliwili upande wa pili. La tano ni kupanda ngazi moja fupi yenye kimo cha sentimita 10 hadi 15 na kushuka, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine. Malizia kwa kuinua visigino na kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 karibu na kitu cha kushika, kwa ajili ya uimara wa mwili. Kwa kila moja, mara 8 hadi 12, seti 2; mara mbili za mwisho ziwe ngumu lakini za mkao sahihi. Ikiwa mara ya 12 ni rahisi kama ya kwanza, msuli hauna sababu ya kukua.

Mwendo wa kuendelea unaweza kuwa kutembea, kuendesha baiskeli, kuogelea au kutembea ndani ya maji, ambako maji hubeba sehemu kubwa ya uzito na kumfaa asiyeweza kuvumilia ardhi kavu. Taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, yalilinganishwa na fizioterapia kwa wagonjwa wa goti katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, na makundi yote mawili yalipata nafuu ya kiwango kinachokaribiana. Chagua unachokipenda, kwa sababu utakachokifanya mwaka mzima ndicho chenye faida. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokufanya upumue kwa haraka kidogo huku ukiweza kuzungumza, na kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, mazoezi ya uimara wa mwili siku 3 au zaidi. Usivunjike moyo kwa kuwa mbali na namba hizo. Shirika hilo hilo linasema kwamba mwendo kidogo ni bora kuliko kutojongea kabisa. Anayependa kuhesabu hatua ajue kwamba, katika utafiti wa Kimarekani wa mwaka 2014 uliofuatilia watu wenye ugonjwa wa goti au walio katika hatari ya kuupata, hatua zipatazo 6,000 kwa siku zilihusishwa na uwezekano mdogo wa kupoteza uwezo wa kutembea baadaye.

Fimbo ya kutembelea si alama ya kushindwa. Ishikwe kwa mkono wa upande usiouma, na mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na mkono umening'inia. Ikikuwezesha kutembea dakika 20 badala ya 5, imekusaidia kufanya mazoezi.

Hatua ya tano: kuurudisha usingizi

Hapa ndipo mchana na usiku hukutana, na hatua ya kwanza ya usiku hufanyika asubuhi. Chagua saa moja ya kuamka na uishike kila siku, pamoja na siku za mapumziko na siku zilizotanguliwa na usiku mbaya. Kisha, ndani ya saa moja baada ya kuamka, toka nje utembee dakika zako za kiwango cha kuanzia. Mwanga wa asubuhi huiweka sawa saa ya ndani ya mwili, mwendo huondoa ukakamavu wa viungo, na jambo moja linakuwa limefanya kazi mbili. Kabla hujatoka kitandani, piga teke dogo la angani kwa kila mguu na kukunja magoti mara 10, ili hatua ya kwanza sakafuni isiwe ndiyo mwendo wa kwanza wa siku.

Hatua inayofuata ni kufupisha muda wa kukaa kitandani, na ninajua inasikika kama adhabu kwa mtu ambaye tayari amechoka. Mwenye maumivu huingia kitandani mapema akitumaini kufidia, lakini matokeo yake ni saa nyingi za kulala macho, na ubongo hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Njia kali ya wataalamu hupunguza muda huo kwa mara moja hadi ulingane na saa halisi za usingizi. Kwa mtu mwenye maumivu, hasa mwenye umri mkubwa, napendelea njia ya polepole. Yule mtu wetu wa saa 9 kitandani na saa 6 za usingizi aendelee kuamka saa kumi na mbili asubuhi, lakini wiki ya kwanza apande kitandani saa tatu na nusu, wiki ya pili saa nne, ya tatu saa nne na nusu, ya nne saa tano. Hapo atakuwa kitandani saa 7, na akilala 6 atakuwa amefika asilimia 86. Usingizi ukishashikamana, arudishe dakika 15 kila wiki, maadamu asilimia haishuki chini ya 85, hadi afikie kiasi kinachomfanya awe macho mchana. Kwa watu wazima wengi ni saa 7 au zaidi. Muda wa kitandani usishuke chini ya saa tano na nusu. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, aliye katika hatari kubwa ya kuanguka, na anayeendesha magari au mitambo kwa kazi asifanye hivi bila msimamizi wa kitabibu.

Ukiwa macho kitandani kwa muda unaohisi kuwa kama dakika 20, inuka. Kaa mahali penye mwanga hafifu, nyosha mguu unaouma, soma kitu kisicho na msisimko, na urudi usingizi unapokujia. Mwenye goti baya hufikiri kuinuka usiku ni mateso, na kweli njia iwe wazi, isiwe na zulia la kukukwaa, na taa iwe karibu; lakini dakika chache za kujongea mara nyingi hutuliza kiungo kuliko saa nzima ya kujigeuza.

Utaratibu huu, pamoja na kurekebisha fikra zinazotia hofu kuhusu kutolala, ni sehemu ya tiba ya utambuzi na tabia kwa wanaokosa usingizi, ambayo chuo cha madaktari wa tiba ya ndani nchini Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 kuwa tiba ya kwanza, kabla ya vidonge. Imejaribiwa pia kwa wazee wenye osteoathritisi kwa njia ya simu tu, na usingizi wao uliboreka. Ikiwa mtaalamu wa tiba hii anapatikana, mtafute.

Mengine ni madogo na yanajulikana, kwa hiyo nitayapita haraka. Kafeini ikome mchana, kwa kuwa nusu yake huweza kubaki mwilini baada ya saa 5 au 6. Pombe husinziza kisha huvunja usingizi baada ya saa chache. Usingizi wa mchana, ukihitajika, usizidi dakika 30, na uwe kabla ya alasiri. Maji ya moto ya kuoga saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia mara mbili, kwani hulegeza kiungo na, mwili unapopoa baadaye, hualika usingizi. Mazoezi mazito yasifanywe katika saa ya mwisho kabla ya kulala, ila kunyosha viungo taratibu hakuna tatizo.

Mkao wa kulala

Anayelala ubavu aweke mto kati ya magoti, mrefu wa kufika hadi kwenye vifundo vya miguu, ili mguu wa juu usiivute nyonga. Mwenye maumivu ya nyonga alalie upande usiouma. Anayelala chali anaweza kuweka mto mwembamba chini ya magoti kwa muda mfupi anapotafuta usingizi, lakini asiuache hapo usiku kucha kila siku, kwa kuwa goti linalolala limekunjwa siku zote huweza kupoteza uwezo wa kunyooka kabisa. Kwa vidole vya mkono, hasa sehemu ya chini ya kidole gumba, kishikizo laini cha kuvaa usiku huwafaa baadhi ya watu. Godoro liwe imara kiasi cha kukuwezesha kujigeuza bila kuzama.

Dawa na uzito

Dawa ya kupaka yenye diklofenaki, ambayo hutuliza maumivu na uvimbe, au mfano wake ni chaguo zuri la kwanza kwa goti, kwa kuwa ni kidogo tu inayoingia kwenye damu. Vidonge vya kundi hilo, kama ibuprofeni, vina hatari kwa tumbo, figo na moyo, kwa hiyo muulize daktari au mfamasia, na umwulize pia kama muda wa kumeza unaweza kupangwa ili nguvu ya dawa iangukie saa zinazokuamsha. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2022 unashauri kwamba parasetamoli isitolewe kwa mazoea na kwamba dawa kali za kundi la opioidi, yaani jamii ya mofini, zisitumike kwa ugonjwa huu. Kuhusu vidonge vya usingizi, kwa mzee mwenye goti dhaifu tahadhari yangu ni kubwa: kuanguka usiku mmoja kwaweza kuvunja nyonga.

Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua huondoa takriban kilo 4 za mzigo gotini katika kila hatua. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwili, sambamba na mazoezi ya nguvu ili msuli usipotee, huleta nafuu inayohisika. Uzito pungufu huweza pia kupunguza kukoroma na kukatika pumzi, jambo linalorudisha faida kwenye usingizi.

Siku mbaya zitakapokuja

Zitakuja. Hata aliyefuata kila hatua atapata siku ambapo goti linavimba bila sababu ya wazi. Siku hizo punguza dakika za kutembea ziwe nusu, badili kuinuka kitini kwa zoezi la kukaza paja, tumia barafu au joto, lakini saa ya kuamka ibaki ile ile. Baada ya siku mbili au tatu panda tena kwa awamu mbili hadi kiwango ulichokiacha. Andika katika daftari kilichotangulia siku hiyo. Mara nyingi utakuta usiku mbaya mbili mfululizo, au kazi nyingi kupita kawaida siku iliyotangulia.

Hesabu asilimia ya usingizi kila wiki, na kila wiki mbili hesabu mara unazoweza kuinuka kitini kwa sekunde 30. Kipimo hiki cha pili kinaonyesha maendeleo mapema kuliko kipimo cha maumivu, kwa sababu nguvu huanza kurudi kabla maumivu hayajapungua. Vipe vyote viwili angalau wiki 8 hadi 12. Ikiwa baada ya muda huo, kwa mazoezi yaliyofanyika kweli, bado unaamshwa kila usiku na umbali unaotembea unazidi kufupika, lichukue daftari lako kwa daktari na umwombe mzungumze kuhusu hatua inayofuata, pamoja na uwezekano wa kubadilishiwa kiungo. Misuli uliyoijenga itakuwa na kazi hata huko, kwa sababu anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na paja lenye nguvu kwa kawaida husimama mapema zaidi baadaye.